Hewa ya Hachi Namba Tatu

Changamwe, Mombasa
14 Januari 2024

Mjomba Omar,

Assalamu alaikum. Natumaini kifua kimepoa na duka linaenda. Mimi niko salama. Jana niliongea kwa simu na Mama aliye Machakos mjini, anasema presha imeshuka kidogo na siku hizi jirani yetu Mama Farhan ndiye anayempeleka kliniki. Anasema pia hujakanyaga kwake tangu Idi ya mwaka juzi, ilhali Matuu si mbali. Hilo nalipitisha tu, mimi simo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nilipokupigia simu mara mbili ulisema "eeh, eeh" kisha ukampa mteja wako aongee na mimi. Najua masikio yako yaliharibiwa na winchi za meli, na Mama anasema maandishi ya simu huyaoni. Barua hii itakuja na vifurushi vya basi. Na wewe nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa habari yenyewe. Unajua nilikuja huku kama karani wa ghala nilipomaliza chuo. Wiki hii nimeanza kazi melini. Mimi ndiye mtoa ishara wa gengi letu. Nasimama ukingoni mwa hachi, pale tumbo la meli linapofunguka, namwonyesha dereva wa kreni kwa mikono apandishe, ashushe, asimame. Yeye haoni chini, anaona mikono yangu tu. Tuko watu kumi na wawili na mwanamke ni mimi peke yangu.

Wewe ulifanya kazi hii miaka kumi na tisa, ukafika kuwa serahangi, kiongozi wa gengi zima. Mama anasema neno meli likitajwa unainuka mezani. Lakini sina mwingine wa kumuuliza. Tulipewa semina ya siku moja na soda. Niambie yale ambayo hawakutuambia.

Mpwa wako,
Asmaa


Matuu
27 Februari 2024

Mpwa wangu Asmaa,

Waalaikum salaam. Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nimechelewa kujibu na sababu ninayo, lakini si ya kuandika.

Hapa tuko wazima. Maembe yamekwisha, kwa hivyo magunia hayatoki, ila kamba zinatoka. Muiruri wa duka la mbolea aliangushwa na boda boda, sasa anauza akiwa ameinua mguu juu ya debe. Mwambie mama yako nitakuja jua likipungua.

Sikupenda habari yako. Nilidhani tumemaliza na bandari katika ukoo huu. Lakini umeuliza, na nikinyamaza ukaumia nitakuwa nimekuumiza mimi.

Usisimame chini ya mzigo unaoning'inia, hata kama unapita tu. Ukiwa ukingoni mwa hachi, jua nyuma yako kuna nini kabla ya kurudi hatua moja, maana mtoa ishara huangalia juu na chini akasahau kisigino chake. Kamba ikivutwa usiwe ndani ya mkunjo wake. Nilimwona mtu ameachwa bila mguu na hakuwa hata amegeuka. Kwenye ngazi mikono yote miwili ni ya ngazi. Simu, chupa, karatasi, vishushwe kwa kamba.

Na hili lisome mara mbili. Tumbo la meli lililofungwa linaweza kuwa na hewa isiyofaa, na huioni wala huinusi. Mtu akishuka akaanguka, usishuke kumfuata. Usimwache mwingine amfuate, hata akiwa ndugu yake wa tumbo moja. Piga kelele, ita watu wenye mitungi ya hewa, ziba njia kwa mwili wako ikibidi. Yule wa pili hufa haraka kuliko wa kwanza, kwa sababu anashuka akihema.

Usiniulize kwa nini niliacha. Niliacha kwa sababu ya masikio.

Omar wa Matuu


Changamwe
16 Aprili 2024

Mjomba,

Assalamu alaikum, na Idi ya juzi iwe ya heri. Mimi nilifunga siku zote isipokuwa tatu. Kutoa ishara juani bila maji ni kazi, lakini wenzangu walikuwa wananitafutia kivuli cha kreni. Mama alinitumia kaimati ndani ya mkebe, zikafika zimekuwa mawe. Nilizila hivyo hivyo. Mama Farhan alikuwa ameweka na sahani yako kwa Mama siku ya Idi, hukuja.

Ahsante kwa maneno yako. Sasa kila nikirudi hatua natazama nyuma, mpaka wananicheka.

Gengini kuna mtu wa kwetu, Muthoka, mzaliwa wa Kangundo, ana miaka arobaini na kitu. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Machakos, akasema, "Basi wewe ni mwiitu wa kwitu," yaani binti wa kwetu, na tangu hapo hakuna anayenichezea. Mkewe anaitwa Kamanthe, yuko nyumbani na kahawa yao na watoto watatu. Muthoka na mwenzake Levi walianza kazi bandarini siku moja, miaka kumi na minne iliyopita, na bado wanagawana sahani.

Ile ya mwisho nimeisoma mara mbili. Kuna kipima hewa. Kinakaa ndani ya sanduku la manjano kwa msimamizi wetu, Bwana Kibe, na kinatakiwa kushushwa kwa kamba kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Kwa sasa betri yake haishiki chaji. Bwana Kibe anasema ameagiza nyingine. Lakini karatasi za vibali zinajazwa kila asubuhi, kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Nyinyi zamani mlipimaje?

Asmaa


Matuu
9 Mei 2024

Asmaa,

Waalaikum salaam. Mimi mzima. Mvua imetutesa, barabara ilikatika na barua yako ikakaa siku tisa. Mahindi ya chini yamesombwa, ya juu yamesimama. Mama yako nilimtumia salamu na dereva wa magunia.

Unasema karatasi zinajazwa. Zinajazwa na nani? Kama kipimo ni kibovu, pale penye namba wanaandika namba gani? Na jina la chini kabisa ni la nani? Nijibu hayo matatu kabla ya salamu.

Umeuliza tulipimaje. Tulishusha taa ya mafuta kwa kamba. Ikizimika, hatuingii. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Mara nyingi meli ilikuwa na haraka na taa ikabaki kwenye ndoano yake.

Omar


Changamwe
25 Mei 2024

Mjomba,

Assalamu alaikum. Nisamehe, sitauliza habari za nyumbani.

Muthoka amekufa.

Ilikuwa Jumanne. Meli ya makaa ya mawe, yale yanayopandishwa kwa malori kwenda kuchoma saruji huko kwetu upande wa Athi River. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, hachi zote zikafungwa. Saa mbili na nusu asubuhi mvua ikakatika na Bwana Kibe akataka tuanze namba tatu. Mifuniko mikubwa ikagoma kufunguka, mashine ya kuivuta ilikuwa inavuja mafuta. Kwa hivyo akasema Muthoka apitie mlango mdogo wa ngazi, ashuke kufungua minyororo ya tingatinga lililoachwa chini, ili mifuniko ikifunguka tusipoteze wakati.

Ule mlango ni tundu la mraba sitahani, linamtosha mtu mmoja. Ndani ni kama kisima cha chuma chenye ngazi. Muthoka akashuka. Nilikuwa nimesimama pale na tochi. Alipofika kwenye kile kibao cha kwanza cha kupumzikia, kama mita tano chini, alisimama. Akasema kitu, nadhani alisema "ngoja." Kisha akaketi taratibu, kama mtu aliyechoka, akalala ubavu.

Levi alikuwa ameshafika kando yangu. Akaniambia, "Nipishe."

Nikasema, "Hapana, hewa."

"Asmaa, nipishe, yule ni Muthoka."

Mjomba, niliketi juu ya tundu. Niliweka miguu upande huu na mikono upande ule na nikakaa. Alinivuta kwa koti, akanipiga begani, akanipiga usoni. Wenzetu wawili wakaja, nao wakasema niondoke. Nilipiga kelele waitwe watu wa mitungi. Wakati huo wote Muthoka alikuwa chini yangu, mita tano, na sikuweza hata kumwangalia kwa sababu nilikuwa nimemkalia juu.

Watu wa mitungi walifika baada ya dakika ishirini na tano. Walipomtoa alikuwa ameshakufa.

Sasa gengini hakuna anayesema na mimi. Nimesikia wakisema huyu ndiye aliyemzibia mwenzake mlango. Levi ametema mate chini nilipopita. Nilifanya ulivyoniambia, na sijui kama ulikuwa sahihi. Niambie ulikuwa sahihi.

Bwana Kibe ametuambia tusiongee na mtu yeyote. Mama hajui. Usimwambie.

Asmaa


Matuu
3 Juni 2024

Asmaa mwanangu,

Waalaikum salaam. Nakuombea Mungu akushikilie. Kula, hata kama huna hamu, na ulale kwa mtu, usilale peke yako.

Ulifanya sawa. Kama ungempisha Levi, wangezikwa wawili, na kama wale wengine wawili wangemfuata, wanne. Levi atakuchukia kwa sababu yu hai. Mwache akuchukie.

Jumamosi nilienda Kangundo kumzika Muthoka. Sikuwahi kumwona akiwa hai, lakini alikuita binti wa kwetu. Watu walikuwa wengi na tope lilikuwa jingi, jeneza lilishikiliwa na vijana wanane ili lisiteleze mteremkoni. Mtu wa kampuni yenu alikuja na koti jeusi, akasoma karatasi. Kwa masikio yangu haya sikusikia vizuri, nikamwomba jirani aniambie sikioni. Karatasi ilisema marehemu alishuka bila ruhusa, hali kibali kinaonyesha hewa ilipimwa ikawa sawa, na huenda alikuwa amelewa.

Baadaye nilimpa mkono mjane. Kamanthe ni mwanamke mwembamba, haongei sana. Alipojua nina mtu wangu kule bandarini aliniinamia akaongea sikioni.

"Muthoka hakuwa mtu wa pombe," akasema. "Na hakuwa mtu wa kushuka mahali hajatumwa. Miaka kumi na minne. Hicho kibali, nani alikitia sahihi?"

Nikasema sijui.

"Ukijua utaniambia?"

Nikasema nitamwambia.

Sasa nakuuliza kwa mara ya pili yale niliyokuuliza mwezi wa tano, na safari hii nimeahidi mtu. Jina la chini ni la nani?

Mjomba wako


Changamwe
30 Juni 2024

Mjomba,

Assalamu alaikum. Mama anasema ulimtumia kilo tano za ndengu, Mungu akulipe. Mimi nimekonda lakini sina ugonjwa.

Jina la chini ni langu.

Vibali havijazwi kila asubuhi kama nilivyokuandikia. Kila Jumatatu Bwana Kibe huleta vya wiki nzima, na namba za hewa zikiwa zimeshaandikwa kwa mkono wake. Penye "mpimaji" anaandika yeye. Penye "shahidi" anatia sahihi mtoa ishara. Yule aliyekuwa kabla yangu alikuwa anatia, na mimi wiki ya kwanza nilipouliza, Bwana Kibe alicheka, akaniuliza kama nataka kurudi ghala. Nikatia. Nilitia zote, Mjomba. Ile ya Jumanne niliitia Jumatatu nikiwa nakunywa chai.

Tarehe kumi na nne Agosti kutakuwa na kikao cha uchunguzi, atakuja afisa wa serikali wa usalama kazini. Bwana Kibe ameniita mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mpole, akasema kuna nafasi ya ofisini, nitoke juani. Mara ya pili alifunga mlango. Akaniambia, "Wewe ndiye shahidi kwenye karatasi. Ukisema haikupimwa, unasema ulidanganya na mtu akafa. Mimi niko na wakili. Wewe una nani?" Nikatoka.

Nimeamua kusema kama karatasi inavyosema. Nitasema ilipimwa. Muthoka hatarudi nikifungwa, na Mama presha itamuua. Usinihukumu, na usimwambie Kamanthe, nakuomba kwa jina la Mungu.

Na wewe pia unijibu moja. Uliniandikia kwamba wa pili hufa haraka kwa sababu anashuka akihema. Hayo hayako kwenye kitabu chochote cha semina. Uliyaona wapi?

Asmaa


Matuu
11 Julai 2024

Asmaa,

Waalaikum salaam. Nimeanza barua hii mara nne. Za nyumbani ni njema, tuziache.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Mimi ndiye niliyekuwa serahangi. Meli ilikuwa imepakia vyuma chakavu, hachi zikafungwa siku nne kungoja gati lingine, na kutu hula hewa kama makaa yanavyokula. Siku ya tano baharia mmoja wa meli akashuka kutafuta kitu chake, akaanguka karibu na ngazi. Watu wangu walisimama wakiangaliana. Nami nikamwona mmoja aliyekuwa karibu nami, mwenye nguvu kuliko wote, rafiki yangu tangu utotoni Machakos, niliyemtafutia kazi hiyo mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Ismael, shuka umtoe."

Aliniangalia. Halafu akashuka, haraka, akihema.

Yule baharia tulimvuta kwa kamba, akapona. Alikuwa ameangukia juu, palipokuwa na hewa kidogo. Ismael alipita chini yake akifikiri atamwinua kwa mabega. Hakupanda tena.

Wenye kazi wakaniita kabla ya kikao. Waliniambia yale yale aliyokuambia Kibe, labda maneno hayo wanarithishana. Kwa hivyo nikasimama nikasema Ismael alishuka kwa ubishi wake, nilimkataza. Wakaandika. Nilifanya kazi miezi miwili zaidi, nikaacha. Masikio yalikuwa mabovu tayari, nikayatumia.

Ismael alikuwa mume wa Zamzam, unayemwita Mama Farhan. Ndiye jirani yenu anayempeleka mama yako kliniki. Ndiye anayeniwekea sahani ya Idi. Miaka ishirini na minane anajua mumewe alikufa kwa ukaidi, na nimemwacha ajue hivyo. Sasa unaelewa kwa nini siji.

Sikuambii useme nini tarehe kumi na nne. Sina mdomo wa kukuambia.

Omar


Changamwe
17 Julai 2024

Mjomba,

Nimeisoma. Nimekua ndani ya ua wa Mama Farhan. Alinisuka nywele mpaka darasa la saba. Farhan akikosea jambo dogo, hata kuchelewa kurudi na maziwa, watu wa mtaa walikuwa wanasema kichwa kigumu kama cha baba yake. Alikuwa anaingia chumbani na kufunga mlango.

Umeniambia mimi, lakini si mimi niliyepaswa kuambiwa.

Nenda kwake. Ukishaenda uniandikie. Barua yako nyingine isiyokuwa na hilo ndani sitaijibu.

Asmaa


Machakos mjini
5 Agosti 2024

Asmaa,

Salaam. Nakuandikia nikiwa mezani kwa mama yako. Presha yake iko sawa, nilimpeleka mwenyewe. Amejua yote, yangu na yako, kwa hivyo usimfiche tena. Jioni akaniambia nile.

Jana baada ya alasiri nilienda kwa Zamzam. Nilimkuta anapepeta mchele uani. Alifurahi kuniona, akataka kuinuka aweke chai, nikamwambia aketi kwanza. Nilisema kwa maneno machache kwa sababu nilijua nikirefusha nitajitetea. Nikasema, "Ismael hakushuka kwa ubishi. Nilimtuma mimi. Kisha nikasema uongo."

Aliendelea kupepeta. Nilidhani hakusikia. Mimi ndiye kiziwi, lakini nilidhani yeye ndiye hakusikia. Baadaye akaweka ungo chini.

"Alikataa?" akaniuliza kwa sauti, ili nisikie.

"Hapana. Aliniangalia tu."

"Kwa hivyo hakuwa mbishi."

"Hakuwa."

"Na wewe ulijua, ukaja hapa kula pilau yangu."

Zamzam akachukua simu akampigia Farhan, yule anayefanya kazi Lukenya kwenye machimbo. Akaiweka mbele ya mdomo wangu, akasema nirudie. Nikarudia. Nilisema polepole, jina la baba yake, mwaka, na neno nililomwambia. Farhan alijibu kitu, kirefu, mama yake akairudisha simu sikioni mwake akasikiliza. Sikusikia alichosema. Nikamwuliza Zamzam, hakuniambia. Akakata simu, akaniambia niende.

Hakunisamehe, na sikumwomba. Ila nilipokuwa langoni aliniita, akaniuliza kama Ismael alipotolewa macho yake yalikuwa wazi au yamefungwa. Nikamwambia yalikuwa yamefungwa. Hiyo ni kweli.

Sina zaidi. Kamanthe sijamwambia. Ahadi nilimpa, lakini jina ni lako, na nimeona jana kwamba jambo kama hili likisemwa na mtu mwingine halijasemwa.

Mjomba wako


Changamwe
20 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya kikao. Mama alinipigia pia, akalia kidogo, kisha akaniuliza nitavaa nini. Niko mzima. Kazi sina kwa sasa, nitakueleza.

Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo chenye feni inayopiga kelele. Alikuwepo afisa wa serikali, naye ni mama mmoja mtu mzima anayeandika kila kitu kwa mkono, Bwana Kibe na wakili wake, watu watatu wa gengi, na Kamanthe. Alikuwa ametoka Kangundo jana yake na shemeji yake. Sikuwa nimejua atakuwepo. Nilipomwona nilitaka kurudi mlangoni.

Levi aliitwa kwanza. Nilijua ataniponda. Alisema mimi nilikaa juu ya tundu na yeye akanipiga. Afisa akamwuliza anadhani ingekuwaje kama ningempisha. Levi akasema, "Ningekuwa pale chini na yeye." Akaketi. Hakunitazama.

Kisha mimi. Nikasema kipimo kilikuwa kibovu tangu Machi. Nikasema vibali vililetwa Jumatatu vikiwa na namba, na sahihi ya shahidi ni yangu, na niliitia bila kuona kipimo chochote kikishushwa. Wakili akainuka akaniuliza kama najua ninachokisema kinaweza kunipeleka mahakamani. Nikasema najua. Sauti yangu ilikuwa ndogo, afisa akaniomba nirudie, nikarudia. Wenzangu wawili wakasema vivyo hivyo kuhusu betri. Bwana Kibe alikuwa anakunja na kukunjua risiti ya mkahawa.

Matokeo bado. Bwana Kibe amesimamishwa, na mimi pia. Afisa ameniambia wazi kwamba jina langu litakuwa kwenye ripoti pamoja na lake, hawezi kunitoa, na huenda nikaitwa mahakamani. Lakini kile walichomsomea Muthoka kaburini, kwamba alishuka bila ruhusa na kwamba alikuwa amelewa, kimefutwa. Kamanthe ataandikiwa barua ya kusema hivyo. Na Levi na wenzake wamekataa kushuka hachi yoyote bila kuona namba kwa macho yao, kwa hivyo kampuni imeleta vipimo viwili vipya na meli zinangoja. Ijumaa nakuja nyumbani. Nitaenda kwa Mama Farhan peke yangu, usinisindikize.

Kuna kitu ambacho sikukuandikia, hata mwezi wa tano. Sikumwambia mtu. Nilidhani nitakaa nacho.

Afisa alipomaliza aliuliza kama familia ina swali. Shemeji akatikisa kichwa. Kamanthe akasimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliniuliza mimi, si Bwana Kibe.

"Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni," akasema. "Alikuambia nini kabla ya kushuka?"

Ningeweza kusema hakusema kitu. Hakuna mwingine aliyesikia, Levi alikuwa bado anavuta kamba upande wa pili. Nikamwambia aliweka mguu kwenye ngazi, akashika ukingo, akaniangalia juu, akaniuliza, "Mwiitu wa kwitu, hewa imepimwa?"

Kamanthe akangoja.

Nikasema, "Nilimwambia imepimwa."

Feni ilikuwa inazunguka. Kamanthe alibaki amesimama na mimi pia nimesimama, na hakuna aliyetuambia tuketi. Kisha akamgeukia yule afisa, ambaye alikuwa ameshaweka kalamu chini.

"Andika hilo pia," akamwambia.

Akaandika.

Mpwa wako,
Asmaa